Swali Moja la Bwana Isurugi Limebaki Wazi

Bwana Isurugi Masanori alistaafu Alhamisi, tarehe 31 Machi, baada ya kuitumikia kampuni yetu kwa miaka thelathini na minane. Miaka kumi na tisa ya mwisho aliendesha tovuti tunayoiita Dirisha, nayo ikazimwa siku hiyo hiyo, saa kumi na moja jioni. Mtu na kazi yake wametoka kwa mlango mmoja. Ukurasa huu wa jarida alikuwa auandike mkuu wa kitengo, Bwana Tochio. Bwana Isurugi akasema hapana, aandike Bibi Tome wa jikoni. Basi naandika. Atakayeona nimekosea, anajua nilipo saa sita mchana.

Aliingia kazini mwaka 1978, akiwa na miaka ishirini na miwili, amevaa suti ya marehemu baba yake iliyomning'inia mabegani. Alianza kwa kubeba. Kompyuta za wakati ule zilikuwa na uzito wa friji, naye alizipandisha ngazi za viwanda vyote vya Takaoka mpaka mgongo ukakataa. Mgongo ulipokataa wakamweka kwenye simu, awasaidie wateja waliokwama. Hapo ndipo kampuni ilipogundua kwamba mtu mkimya kuliko wote ofisini ndiye anayeweza kumsikiliza mtu anayelia mpaka amalize.

Na walikuwa wakilia, msidhani natia chumvi. Kila kampuni ndogo ina mtu mmoja aliyeambiwa: wewe ndiye msimamizi wa mashine zote. Mara nyingi ni mtu aliyeajiriwa kuuza, au kuandika barua, ila siku moja alionekana akibadilisha karatasi kwenye printa bila kuogopa. Tangu siku hiyo nywila za watu mia mbili ni zake, virusi ni vyake, na mtandao ukikatika wanamtazama yeye kama vile amekata kwa mkasi. Hana wa kumuuliza. Akimuuliza bosi, bosi anashangaa kwa nini hajui.

Kwa ajili ya watu hao, mwaka 1997, Bwana Isurugi alifungua Dirisha. Msimamizi yeyote, awe mteja wetu au la, angeweza kuandika shida yake na kujibiwa. Kanuni zilikuwa tatu, naye alizibandika juu kabisa. Ya kwanza: sema ulichofanya kabla mashine haijaharibika, na usitaje jina la kampuni yako, ili usione haya. Ya pili: hapa hakuna anayechekwa. Ya tatu: mwenye swali ndiye anayelifunga, kwa kurudi na kusema ilikuwaje.

Hiyo ya tatu ilimtesa maisha yake yote. Kuna watu wakishapona hawarudi kumsalimu daktari. Wengine walirudi na neno moja tu, "Imepona," wakaondoka. Yeye aliwafuata. Imeponaje? Ulifanya nini? Mwenzako atakayeumwa hivyo hivyo kesho atajuaje? Kiwanda kimoja cha achari huko Noto kilikuwa na seva iliyozimika kila Januari, na ikifika Machi inaamka yenyewe. Alimwandikia msimamizi wao mara saba. Mara ya nane yule mtu akakiri: wazee wa kiwandani walikuwa wakipanga vyungu vya kuchachusha kuizunguka seva wakati wa baridi, kwa sababu hapo ndipo penye joto zuri. Seva ikakosa pumzi. Bwana Isurugi akawaambia waondoe vyungu. Wazee wakakataa, achari ya mwaka ule ilikuwa tamu mno. Ikabidi ihamishwe seva. Swali likafungwa, na mwezi wa nne tukaletewa pipa zima la achari.

Katika miaka kumi na tisa maswali elfu kumi na moja, mia nne na kumi na mbili yalifungwa namna hiyo. Moja halikufungwa. Nitalieleza, kwa sababu asiyelijua hilo hamjui Bwana Isurugi.

Agosti 2001, siku chache kabla ya Obon, sikukuu ya kuwakumbuka wafu, msimamizi mmoja aliuliza namna ya kufuta kwa mara moja folda zote za wafanyakazi walioondoka. Alijitambulisha kuwa yuko kiwanda cha biskuti za mchele upande wa Uonuma, basi. Bwana Isurugi akamwandikia amri ya kuipa mashine, na mahali pa kuweka jina la folda akaweka jina la mfano, "Utawala", akieleza chini yake kwamba hilo ni la mfano tu, aweke lake. Halafu akafunga ofisi akaenda Himi kuosha makaburi ya kwao, kama sisi sote tulivyoenda kwetu. Alisahau kubandika tangazo kwamba Dirisha limepumzika siku nne.

Yule mtu aliinakili amri kama ilivyo. Na kila kampuni, jamani, ina idara inayoitwa Utawala.

Jumatatu tarehe 13 akaandika: "Bwana, nimefanya kama ulivyoelekeza. Folda ya Utawala haipo tena. Kumbukumbu za wafanyakazi zote zilikuwa humo, za miaka kumi na moja. Kanda ya nakala za akiba nimeikagua, imejaa tangu Aprili na haikurekodi kitu. Niko peke yangu, wote wameenda Obon. Nifanye nini?"

Bwana Isurugi aliyasoma hayo Ijumaa. Kama alivyonieleza, kitu kikifutwa kwenye kompyuta hakiondoki palepale. Kinabaki chini, kimefunikwa tu, mpaka kiandikwe kingine juu yake. Ukiacha mashine itulie, kinarudi. Ukihangaika nayo siku nne, umekizika mwenyewe. Akajibu: usiguse kitu, zima mashine, nipigie. Hakuna aliyepiga.

Alikuja jikoni mchana ule akakaa mbele ya bakuli mpaka mchuzi ukapoa. Nikamwambia, "Uliandika ni mfano."

"Niliandika kwa herufi ndogo, Bibi."

"Basi yeye ni mvivu wa kusoma."

"Alikuwa anaogopa. Mtu anayeogopa hasomi herufi ndogo. Mimi nimefanya kazi na watu wanaoogopa miaka ishirini, nilitakiwa kulijua hilo."

Nikampashia mchuzi.

Asubuhi moja mwanzoni mwa Septemba alisimama mlangoni pa jiko kabla sijawasha moto. "Bibi, leo kuna nini?"

"Figili na ngisi. Kwani una njaa saa hii?"

"Nataka majina. Hakuna kampuni yenye idara inayoitwa Ngisi."

Tangu asubuhi hiyo, kwa miaka zaidi ya kumi na minne, kila mfano aliouandika kwenye Dirisha ulibeba chakula cha siku. Seva iliitwa Figili, folda ikaitwa Ngisi. Mtu akiinakili amri bila kufikiri, mashine ingemwambia haimjui huyo Ngisi, na hakuna kitakachofutika. Nchi nzima, kuanzia wanaokaa kwenye barafu Hokkaido mpaka wanaokula papai Okinawa, wasimamizi walijua sisi Takaoka tumekula nini. Nilipovunjika nyonga na kulala hospitali, aliyeshika nafasi yangu alipika kari siku kumi na tano mfululizo. Wakaanza kuandika: "Samahani kwa kutoka nje ya mada, lakini kila seva inaitwa Kari wiki ya tatu sasa. Mpishi wenu mzima?" Bwana Isurugi alizichapa salamu hizo akaniletea wodini. Herufi nyingi nimezijulia kwenye ubao wangu wa chakula, na yeye ndiye aliyenisahihisha, kwa chaki, bila kumwita mtu aone. Salamu zile nilizisoma mwenyewe.

Lakini swali la Uonuma lilibaki wazi. Kila tarehe 13 Agosti, kuanzia mwaka uliofuata, aliandika chini yake mstari mmoja: "Bado nipo. Ilikuwaje?" Mara kumi na nne. Hakuchukua tena likizo ya Obon. Makaburi ya kwao aliyaosha Septemba, na dada yake amemnunia kwa hilo mpaka leo.

Vuli iliyopita wakubwa waliamua Dirisha lizimwe atakapostaafu. Sitawalaumu. Wasimamizi siku hizi wanauliza kwingine, majibu yanakuja kabla chai haijapoa, na Dirisha lilikuwa limeanza kukaa siku mbili tatu bila mtu. Bwana Tochio alipewa kazi ya kulizima, naye si mtu mbaya. Alitaka kulifunga vizuri, hesabu itimie, maswali yote yawe na alama ya kufungwa. Akaja na sinia yake kwenye meza yetu.

"Bwana Isurugi, limebaki lile moja. Bonyeza tu 'limefungwa'. Nani ataona?"

"Mwenye swali ndiye anayefunga."

"Huyo mtu hajaonekana miaka kumi na minne."

"Basi amechelewa," akasema Bwana Isurugi, akaendelea na wali wake.

Tochio akanigeukia mimi. "Bibi, mwambie."

"Nimwambie nini? Wewe maliza karoti, unazisukuma pembeni kama mtoto."

Wengine walipoondoka nilimsema Bwana Isurugi kweli. Nilimwambia anazeeka na mtu asiyemjua jina, na mkewe alipokufa hakumlilia hivi. Hilo la mkewe sikupaswa kulisema, na hapa mbele yenu nalirudisha. Hakukasirika. Alisema, "Bibi, sitaki anisamehe. Nataka kujua kama alipoteza kazi. Nikilijua hilo naondoka."

Februari, theluji imefika madirishani, alikaa akaandika barua kwa mkono. Viwanda vya biskuti za mchele upande ule ni vingi kuliko mahekalu, naye hakujua ni kipi, kwa sababu kanuni yake mwenyewe ilikuwa imemkataza yule mtu kutaja. Akaandika barua ishirini na tatu zinazofanana. Majibu yakaja ya heshima: hatumfahamu, samahani, tunakutakia ustaafu mwema. Mpaka tarehe 28 Machi yalikuwa yamekuja ishirini na mawili, na moja kati ya hayo lilikuwa na pakiti ya biskuti, ambazo hakuzigusa.

La ishirini na tatu halikuja kwa posta. Jumanne tarehe 29, saa nne asubuhi, mtu aliandika kwenye Dirisha, chini ya lile swali. Bwana Isurugi alilichapa akashuka nalo jikoni, akaliweka mezani kati ya vitunguu vyangu. Nalinakili kama lilivyo, mwenyewe ameruhusu.

"Naitwa Kazama Fumie. Nilipokea kazi ya usimamizi wa mifumo hapa Oktoba 2001 kutoka kwa Bwana Sunayama Tetsuo, ndiye aliyeuliza swali hili. Obon ile alibaki ofisini siku nne, akajaribu kila njia. Hakuna kilichorudi. Akaanza kuandika upya kumbukumbu kutoka kwenye karatasi za ghalani, na alipomaliza, akaandika barua ya kujiuzulu. Hakufukuzwa. Rais wa kampuni alimsihi abaki. Alisema anaona haya. Baada ya hapo aliendesha gari la kusukuma theluji la mji wetu, hakushika kompyuta tena. Alifariki mwanzoni mwa mwaka jana, wakati wa baridi, kwa moyo. Daftari la makabidhiano aliloniachia ninalo. Ukurasa wa kwanza ameandika: Usinakili jina la mfano. Soma Dirisha kila asubuhi. Tangu Septemba wanatumia majina ya vyakula, nadhani ni kwa ajili yangu. Bwana Isurugi, nimesoma 'Ilikuwaje?' yako kila Agosti. Sikujibu kwa sababu swali halikuwa langu, na kanuni inasema mwenye swali ndiye arudi. Nyumba yake ilikuwa dakika kumi kutoka hapa. Ningeweza kumwambia. Nilidhani anasoma. Nisamehe."

Nililisoma polepole, nikalirudia. Bwana Isurugi alikuwa amesimama bila koti, theluji ya paani ikidondokea uani nyuma yake.

"Kila Agosti," akasema. "Alikuwa hai kwa Agosti kumi na tatu kati ya hizo."

"Na huyu mama alikuwa anasoma."

"Alikuwa anafuata kanuni. Kanuni niliiandika mimi."

Mchana hakula. Nilimwekea samaki aina ya buri na figili, akavitazama tu. Nikamwambia, "Kula. Samaki hana kosa." Akala kipande kimoja, cha figili, akasema ina chumvi. Haikuwa na chumvi.

Siku ya mwisho aliaga dawati kwa dawati, kwa mpangilio, kama anavyofanya kila kitu. Walimpa maua na saa ya ukutani. Saa kumi na dakika ishirini akarudi mezani kwake, Tochio akavuta kiti kando yake, nami nikapanda juu na aproni yangu kwa sababu nilitaka kuona kitu kilichokula majina ya vyakula vyangu kinavyokufa.

Kwanza alimjibu Bi Kazama, kwa mstari mmoja. Alimwambia hana kosa, na daftari asilitupe. Kisha akaandika chini ya swali lenyewe. Tochio akanisomea kwa sauti, maana miwani niliiacha jikoni. "Bwana Sunayama. Nilikuwa makaburini kwetu. Ningekuwa mezani ningekuambia: usiguse kitu, vyote bado vimo. Ni kweli, vyakula vilikuwa kwa ajili yako. Leo ni ngisi wa masika na mchuzi wa miso."

Tochio akasubiri. "Sasa unalifunga?"

"Silifungi. Hakurudi."

Kisha akapanda juu kabisa ya ukurasa, kwenye kanuni zake tatu ambazo hazijaguswa miaka kumi na tisa. Ile ya tatu akaifuta. Mahali pake akaandika: Mwenye habari na aseme, hata kama swali si lake.

Tochio akatazama saa yake ya mkononi. "Bwana Isurugi, zimebaki dakika kumi na mbili."

"Najua."

"Hakuna atakayeisoma."

"Wewe umeisoma."

Saa kumi na moja Tochio akauliza, "Nizime?" na sauti yake haikuwa ya mkuu wa kitengo. Bwana Isurugi akasema, "Zima." Kioo kikawa cheupe, na maandishi madogo yakasema ukurasa huo haupatikani. Alifuta meza kwa leso yake, akachukua kikombe chake, akaniinamia mimi kabla ya kumwinamia mkuu. Hesabu ya Dirisha haikutimia. Ninyi mnaopenda hesabu zilizotimia, mtavumilia.

Wapya mlioingia Aprili hii, hamkumkuta. Mtaambiwa alikuwa mtu wa zamani, wa kubeba mashine nzito na kuandika majibu marefu. Ni kweli. Ila mkiona kwenye vitabu vya mwongozo vya kampuni hii seva inayoitwa Figili, msiibadilishe muweke jina la maana. Hilo ndilo jina la maana.

Sasa na mimi nafuata kanuni mpya. Habari ninayo, nasema. Bwana Isurugi yuko Himi. Jumapili iliyopita alipanda gari moshi mpaka Uonuma, Bi Kazama akampeleka kwenye kaburi la Sunayama. Theluji bado ilikuwa magotini, wakachimba njia kwa koleo. Aliniambia kwa simu. Nilimuuliza alisema nini pale, akasema aliosha jiwe. Nilimuuliza kama sasa amepumzika. Akaniuliza leo nimepika nini.

Bwana Isurugi, kwa niaba ya watu wote uliowajibu na jiko langu lililojua kila siku kwamba kuna mtu atauliza leo kuna nini, asante. Uishi salama huko, upatane na dada yako, Agosti hii uoshe makaburi kwa wakati wake. Alhamisi kuna katlesi za viazi, na kiti chako hakijapewa mtu. Njoo utuambie ilikuwaje. Na ukija ukakuta jikoni hayupo Bibi, kwa umri huu siahidi kitu, yeyote aliyepo na aseme. Asikae na habari.